Friji Haimalizi Gesi: Kinachoiua Hasa, na Jinsi ya Kuchagua Itakayodumu

Fundi anafika, anapapasa nyuma ya friji, anafungua mlango, anagusa barafu iliyobaki kwa ncha ya kidole, kisha anatoa hukumu: "Mama, gesi imeisha. Tujaze tu, itakaa sawa." Mama analipa. Friji inagandisha, wiki zinapita, halafu maziwa yanaanza kuchacha tena. Fundi anaitwa, na jibu ni lile lile. Ukizungumza na watu wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura utasikia habari hii ikisimuliwa kana kwamba gesi ya friji ni matumizi ya kawaida ya nyumba, unainunua inapoisha kama unavyonunua ya kupikia.

Sivyo. Gesi ya friji haichomwi wala hailiki. Ikipungua, imevuja, na ikiwa imevuja kuna tundu. Ukilishika hilo moja, mengi kuhusu kununua na kutengeneza friji yatakuwa rahisi.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo dukani huchanganywa. Friji ya kutegemeka ni ile isiyoharibika ovyo. Friji ya kutengenezeka ni ile ambayo ikiharibika, fundi wa mtaani kwako anaweza kuifungua, kipuri kinapatikana, na bei yake inabebeka. Muuzaji atakusifia la kwanza. La pili hatalitaja mpaka umuulize, na kwa mazingira yetu mimi naliona lina uzito zaidi.

Baridi inatoka wapi

Maji ya mtungi wa udongo hupoa kwa sababu kiasi chake hupenya kwenye udongo na kukauka kwa nje, na maji yanayokauka huondoka na joto. Friji inafuata kanuni hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba badala ya maji ina kimiminika kinachoweza kuchemka hata kwenye baridi ya barafu, na badala ya kuuacha mvuke upotee hewani, inaukamata na kuutumia tena. Mtungi unaongezwa maji kwa kuwa mvuke wake umekwenda zake. Mvuke wa friji hauna pa kwenda.

Kuukamata ni kazi ya kompresa, lile dude jeusi la chuma lililo chini nyuma, ambalo wengi huliita mota. Kompresa huunyonya mvuke kutoka chumba cha barafu, huukandamiza mpaka unapata moto, na kuusukuma kwenye mabomba ya nje. Huko mvuke hutoa joto lake na kugeuka kimiminika. Kimiminika hupita kwenye kichujio kidogo ambacho mafundi hukiita draya, kisha kwenye kopa nyembamba yenye tundu lisilofika hata milimita moja, na kuingia chumba cha barafu, ambako huchemka tena na kufyonza joto la vyakula vyako. Themostati, au sensa kwenye friji za kisasa, ndiyo inayoiamuru kompresa ipumzike au iamke.

Kuna hofu moja ya kuondoa hapa haraka. Friji nyingi za siku hizi hazina ule wavu wa mabomba mgongoni. Mabomba yamefichwa ndani ya mbavu. Ukigusa ubavu ukakuta moto, usikimbilie simu kumwita fundi, hapo ndipo joto linapotolewa. Ubaya unakuja ukiibana friji kati ya ukuta na kabati, au ukiiteremshia vitambaa vya kufuma hadi vikafunika mbavu zote mbili. Cha juu peke yake hakina neno, kiache sebule ipendeze.

Njia yote hiyo ya gesi huchomelewa kiwandani na kufungwa kabisa. Friji ya miaka 20 inaweza kuwa na gesi ile ile iliyotoka nayo kiwandani, haijaongezwa hata gramu.

Tundu basi linatoka wapi? Mara nyingi hapo hapo jikoni. Barafu imejaa kwenye friza, mlango hausogei, samaki wamegandia chini na wageni wako njiani. Mtu anachukua kisu. Ukuta wa chumba hicho, kwenye friji nyingi za bei ya kawaida, ni bati jembamba la alumini, na gesi inapita humo humo ndani ya bati. Kisu kinateleza mara moja, unasikia fsss, na hapo ndipo gesi "ilipoisha". Pwani kuna adui wa pili, kutu. Hewa ya chumvi hula mabomba ya chuma, na bomba linaloumia kimyakimya ni lile linalozunguka fremu ya mlango, ndani ya sponji ya ukuta. Likitoboka humo halifikiki bila kupasua friji. Fundi anayejua kazi hulitenga, akaunganisha njia mpya nje. Asiyejua atajaza gesi, na utamwona tena baada ya wiki chache.

Magonjwa yanayosingiziwa gesi

Gesi ikiwa imevuja kweli, dalili huja pamoja. Kompresa inaunguruma bila kupumzika, mabomba ya nje hayana joto la maana, na ndani barafu imeshika kipande kidogo tu, pale gesi inapoingilia, kwingine kukavu. Usipoyaona hayo, uliza mara ya pili kabla ya kutoa fedha.

Hali inayosingiziwa kuliko zote ni hii: friji isiyoota barafu ukutani, ile inayouzwa kwa jina la no frost. Kwenye friza nyama imeganda vizuri, lakini chini mchicha unanyauka na maji hayapoi. Gesi ikivuja, friza nayo hulegea. Hapa friza iko salama, kwa hiyo tatizo ni baridi kutofika chini. Nyingi ya friji hizi zina sehemu moja tu ya kutengeneza baridi, imefichwa nyuma ya plastiki, na feni inayoipuliza baridi hiyo juu na chini. Kuna pia hita inayowaka kwa vipindi kuyeyusha barafu isijae. Hita ikiungua, au sensa yake, au fyuzi yake ya joto, barafu hujaa mpaka inaziba njia ya upepo. Jaribio lake unalifanya mwenyewe: toa vyakula, chomoa waya, acha milango wazi usiku na mchana mzima, tandika matambara chini. Ukiiwasha ikafanya kazi vizuri siku kadhaa kisha ikarudia, umeshajua kwamba mfumo wa kuyeyusha barafu ndio mgonjwa. Kitakachobadilishwa ni kipuri kidogo, na gesi haiguswi.

Nyingine utaisikia kwa masikio. Taa inawaka, kompresa kimya, ila kila baada ya dakika chache: tk, mngurumo wa sekunde chache, tk, kimya tena. Hiyo ni kompresa inayojaribu kuamka na kushindwa, na ule mlio wa tk ni kinga yake ikikata umeme kabla haijaungua. Huenda umeme ni mdogo. Huenda kompresa imekwama, na hiyo ni habari mbaya. Lakini kabla ya kuizika, mwambie fundi aangalie relei, kidude cha plastiki kilichochomekwa ubavuni mwake. Friji ikiwa imechomolewa, akitoe, akitikise karibu na sikio. Ndani mna kipande cha duara cha kauri. Kikigongagonga humo, kimevunjika, na umepata ugonjwa wako: mojawapo ya vipuri vya bei ya chini kabisa kwenye friji nzima, na kubadilisha ni dakika chache. Nyumba ngapi zimenunua kompresa, au friji mpya kabisa, kwa sababu hakuna aliyekitikisa!

Na barafu ikijaa upesi kupita kawaida, bana noti kwenye mlango, funga, uivute. Ikichomoka bila kukaza, mpira haushiki. Jaribu pande zote nne. Kabla ya kununua mpira mpya, uoshe kwa maji ya moto na sabuni, maana ukoko wa soda na mchuzi peke yake unatosha kuuzuia usibane.

Umeme ukirudi

Watu hulaumu umeme kukatika. Kukatika kwenyewe hakuiumizi friji. Giza halina volti. Hatari iko kabla na baada ya giza.

Kabla, volti hushuka. Tanzania umeme wa majumbani ni volti 230, Kenya 240. Ukishuka hadi 160 au 170, taa zitafifia tu, feni itazunguka kivivu, lakini kompresa inaweza kukosa nguvu ya kuanza. Mota iliyokwama huvuta mkondo mkubwa pale pale ilipo na kupata moto. Ikirudia hivyo jioni baada ya jioni, waya za ndani hubabuka hadi siku moja zinaungua.

Baada ya giza kuna shida ya aina nyingine. Umeme ukikatika na kurudi nusu dakika baadaye, kompresa inatakiwa kuanza upya huku msukumo ndani ya mabomba haujasawazika, upande mmoja umejaa na mwingine mtupu. Inahitaji dakika 3 hadi 5 za kutulia. Wimbi la volti kubwa linalokuja na umeme unaporudi ni balaa la ziada, hasa kwa friji zenye bodi ya elektroniki.

Vifaa vya kinga navyo vinachanganywa. Kile cha kuchomeka ukutani, kinachojulikana madukani kama fridge guard, hukata umeme ukiwa mdogo mno au mkubwa mno, na hungoja dakika kadhaa kabla ya kuruhusu tena. Hakirekebishi chochote. Stabilaiza ndiyo inayopandisha na kushusha volti ili friji iendelee kufanya kazi. Ukiishi mahali ambapo umeme huwa hafifu kila jioni, kifaa cha kukata kitakata kila jioni, na nyama itaoza ikiwa imelindwa vizuri kabisa. Huko nunua stabilaiza. Penye umeme wa kuridhisha unaokatika mara kwa mara, cha kukata kinatosha. Ile ekstensheni ya kawaida yenye kitaa chekundu haimo katika hesabu hii.

Halafu kuna inverter, neno ambalo limegeuka mapambo kwenye milango ya friji. Kompresa ya kawaida ina hali mbili, inakimbia au imesimama. Ya inverter hubadili mwendo, ikianza taratibu na kwenda polepole muda mrefu, ndiyo maana hula umeme kidogo na haishtui nyumba inapowaka. Ni teknolojia nzuri. Lakini mwendo huo huongozwa na bodi, na bodi ndiyo inayougua umeme wetu. Tangazo la dhamana ya miaka 10 huwa ni la kompresa tu. Soma karatasi: bodi, gesi na ufundi mara nyingi vina mwaka mmoja au miwili. Muulize muuzaji bodi ya modeli hiyo inauzwa bei gani na inapatikana wapi. Akikosa jibu, hilo nalo ni jibu.

Wapo wanaozima friji kila usiku kuokoa uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania. Uniti kidogo zitaokoka, kweli, lakini joto la ndani linapanda juu ya nyuzi 5, na mabaki ya wali na mchuzi wa nazi hayatakusubiri. Kama ni kuokoa umeme, safisha vumbi kwenye mabomba ya nyuma na isogeze friji mbali kidogo na ukuta.

Kibandiko kinachosomwa na wachache

Ndani ya friji, kando ya droo ya mboga, au nyuma karibu na kompresa, kuna kibandiko chenye herufi na namba ndogo. Mimi ningemshauri mnunuzi atumie muda wake hapo kuliko kwenye rangi na ukubwa wa mlango.

Tafuta kwanza herufi za daraja la hali ya hewa. SN na N ni friji zilizosanifiwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32. ST hufika 38, T hufika 43. Friji ya N itaishi kwa raha Njombe au Limuru. Ukiiweka kwenye jiko la Dar es Salaam mwezi Februari, ambapo nje kwenyewe ni 32 na ndani kuna jiko la mkaa linawaka, itakimbia mchana kutwa bila kupumzika, na watu watasema gesi imepungua. Pwani, Zanzibar, Dodoma na Garissa, chukua yenye T. Ukiona SN-T, maana yake inafaa kuanzia baridi hadi joto.

Kisha volti na hezi, yaani mara ngapi umeme hugeuka mwelekeo na kurudi kwa sekunde. Kwetu ni hezi 50. Friji ya Marekani ni volti 120 na hezi 60, hiyo usiiguse. Inayoponyoka macho ni ya Saudi Arabia: volti zinaweza kulingana na zetu, lakini hezi ni 60. Hapa itawaka na kupoza, wewe ukaridhika, huku kompresa ikizunguka taratibu kuliko ilivyosanifiwa na kupata joto. Mizigo ya Uarabuni haifanani. Oman na Falme za Kiarabu ni hezi 50 kama sisi.

Namba ya tatu ni matumizi ya umeme kwa mwaka. Igawe kwa 12. Friji ya uniti 180 kwa mwaka ni uniti 15 kwa mwezi. Ya 420 ni 35. Kwa Tanzania tofauti hiyo ina uchungu wake, kwa sababu mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hupata bei ya chini kabisa, na friji moja kongwe inaweza kumtoa humo. Vipimo hivyo ni vya maabara, jikoni kwako vitapanda, lakini kulinganisha friji mbili bado vinafaa. Kenya wamerahisisha kwa nyota kwenye kibandiko, kadiri zinavyoongezeka ndivyo friji inavyobana umeme. Kwa mitumba ya Ulaya kuwa makini: tangu Machi 2021 wamerudi kwenye herufi A hadi G tu, na friji iliyojisifu A+ zamani inaweza kuwa F kwa kipimo cha sasa.

Ulaya huko huko, sheria za mwaka huo zinamtaka mtengenezaji aendelee kuuza themostati, sensa na bodi za friji kwa miaka isiyopungua 7 baada ya friji ya mwisho ya aina hiyo kuingia sokoni, na mpira wa mlango kwa miaka 10. Mnunuzi wa Kariakoo au barabara ya Luthuli jijini Nairobi halindwi na sheria hiyo, ila anaweza kuibeba kama swali.

Ukiniuliza ninunue ipi, kwa nyumba ya kawaida, umeme wa kusuasua, fundi wa mtaani: friji ya kuota barafu, themostati ya kuzungusha kwa mkono, daraja T. Utaiyeyusha mwenyewe kila inapojaa, kwa beseni la maji ya moto na subira, kisu kikae mbali. Haina feni, hita wala bodi, kwa hiyo hayo hayawezi kuharibika. No frost ni starehe ya haki kwa mwenye umeme mzuri na karakana yenye vipuri mjini kwake. Zile za kutoa maji mlangoni ni bomba na valvu za ziada za kuvuja, basi.

Ikibidi kweli kujaza gesi

Kibandiko kile kile kimeandikwa jina la gesi. R12 ni ya friji kuukuu. Iliharibu tabaka la ozoni na nchi zinazoendelea zilitakiwa kuacha kuizalisha na kuitumia ifikapo 2010 chini ya Mkataba wa Montreal. Friji ya mtumba yenye R12 iache ilipo, hata kwa bei ya kutupa. Ghana ilichoka na friji kuukuu hadi ikapiga marufuku kuziingiza, marufuku iliyoanza kusimamiwa mwaka 2013. R134a ilichukua nafasi ya R12, haigusi ozoni lakini inapasha dunia joto, nayo ni miongoni mwa zinazopunguzwa na makubaliano yaliyofikiwa Kigali Oktoba 2016. Friji mpya nyingi sasa zina R600a.

R600a inawaka moto. Isikutishe, kwa sababu friji nzima huwa na gramu chache, mara nyingi 40 hadi 80. Lakini inabadilisha kazi ya fundi. Hawezi kuwasha moto wa kuchomelea huku gesi ikiwa imebaki ndani, na kazi ifanyike penye hewa. Gramu nazo ni kidogo kiasi kwamba akizidisha 10 kwenye 50 ameharibu kipimo kwa asilimia 20, kwa hiyo ajaze kwa mizani na si kwa kusikilizia mkono. Na aweke gesi iliyoandikwa. Kompresa ya R600a na ya R134a zimesanifiwa tofauti, na ukitia R134a kwenye ya R600a utailemea mota. Gesi ya kupikia usiikubali hata akuapie. Haikusafishwa kwa ajili ya friji, na imetiwa harufu.

Kazi kamili hufuata mpangilio: tundu litafutwe na kuzibwa, draya mpya ifungwe, mfumo ufyonzwe hewa kwa pampu, ndipo gesi ipimwe na kuingia. Pampu ndiyo inayorukwa mara nyingi. Unyevu ukibaki ndani huganda kwenye ile kopa nyembamba na kuziba. Friji inapoza, inaacha, inapoza, inaacha, hadi unahisi imelogwa. Kwa hiyo maswali ya kumuuliza fundi kabla hajagusa kitu ni mawili tu: tundu liko wapi, na pampu umekuja nayo?

Akimaliza, mpe kalamu ya wino mzito aandike juu ya kompresa jina la gesi, gramu na tarehe. Fundi atakayekuja baada yake atajua pa kuanzia, na huyu wa leo atapima kwa uangalifu zaidi akijua namba yake inabaki pale.